Pikapu inapiga teke alfajiri: gumzo la familia, Mwanza

*Alhamisi*

Kulwa (saa 12:48 asubuhi): Shikamooni wakubwa wote. Pikapu yetu ya otomatiki leo imenitisha. Naweka D, gia ya kwenda mbele, inakaa kimya kwanza, halafu gia inaingia kwa kishindo. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili inapiga teke mpaka ndoo za Mama zikagongana huko nyuma.

Mama: Nilikuwa nimekaa mbele, shingo inaniuma hadi sasa. Tumefika soko la Mwaloni dagaa wazuri wameshachukuliwa.

Shangazi Milembe: Poleni jamani. Mwezi wa saba huu, baridi inashika hata vyuma.

Kulwa: Kuna fundi wa Buhongwa ameisikiliza. Anasema giaboksi imekufa, tuishushe, tufunge nyingine ya mtumba. Ametaja milioni mbili na nusu, bila oili.

Mjomba Masanja: Marahaba mwanangu. Usishushe kitu chochote. Huyo fundi amepima oili?

Kulwa: Hapana mjomba. Ameendesha tu mpaka kona akarudi.

Mjomba Masanja: Basi hajapima gari, amepima mfuko wako. Niambie, ikishapata moto inatulia au inaendelea kupiga?

Kulwa: Inatulia kabisa, unaweza kunywa chai ndani. Ila inachelewa mno. Juzi nimetoka Isamilo, nikapita Mabatini, Nyakato, mpaka nakaribia Igoma ndiyo ikaanza kubadili gia vizuri.

Mjomba Masanja: Mpaka Igoma! Hapo ndipo penye neno. Mshale wa joto la injini unakaa wapi njia nzima hiyo?

Kulwa: Chini. Unapanda kidogo nikiwa kwenye foleni, nikipata upepo unashuka tena.

Mjomba Masanja: Thamostati ipo?

Kulwa: Ilitolewa mwaka jana rejeta ilipozibuliwa. Fundi alisema nchi yetu ya joto haina haja nayo.

Mjomba Masanja: Maneno hayo nimeyasikia kila gereji, Musoma mpaka Geita, na yananiudhi kweli. Thamostati haijawekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Inayazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyingi hufunguka kati ya nyuzi 76 na 90. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unawasha. Injini inatembea nusu baridi, mafuta yanaliwa zaidi, na giaboksi nayo inabaki baridi.

Shangazi Milembe: Samahani kaka, mimi si wa magari. Maji ya injini na giaboksi yanahusiana vipi?

Mjomba Masanja: Swali zuri dada. Kwenye magari mengi ya otomatiki kuna mabomba mawili yanatoka giaboksi kwenda kwenye rejeta. Oili inapita kwenye kipozeo kilichomo humo, inazungukwa na maji. Maji yakiwa ya moto wakati wa asubuhi, yanaisaidia oili kupata joto. Maji yakiwa baridi, yanaipoza hata kabla haijapata joto. Halafu kompyuta ikiona injini bado baridi, inachelewesha gia ya juu kabisa na inakataa kufunga toku konvata, kile kiungo cha injini na giaboksi. Kwa hiyo gari linavuma kwa mzunguko mkubwa bila sababu.

Doto: Naongezea kutoka huku Dar. Oili ya otomatiki ikipoa inakuwa nzito kama uji uliolala. Oili ya aina ya Dexron III kwa mfano, kutoka nyuzi 100 ikishuka hadi 40 tu, mnato unapanda karibu mara 4 au 5. Alfajiri ya Mwanza ni nyuzi 17 au 18, basi inazidi hapo. Solenoidi na vali bodi, vidhibiti vya gia vya ndani ya giaboksi, zinafanya kazi kwa presha ya hiyo hiyo oili, ndiyo maana gia za kwanza za asubuhi zinakuwa nzito kidogo hata kwenye gari jipya.

Mjomba Masanja: Nzito kidogo, sawa. Teke la kugonganisha ndoo, si sawa. Giaboksi hizi zinatembea Hokkaido, Japani, kwenye barafu, nyuzi 17 haziziui. Pacha wako anasema kweli Kulwa, lakini wewe una mambo mawili kwa pamoja. Thamostati inafanya baridi idumu mpaka Igoma. Ile D kukaa kimya kabla ya kuingia, hiyo nadhani ni oili pungufu.

Kulwa: Lakini ingekuwa pungufu si ingesumbua na mchana?

Mjomba Masanja: Oili ikipoa hunywea, kina kinashuka. Ikipungua kidogo tu, alfajiri pampu inavuta na hewa, presha inachelewa kujaa, klachi za ndani zinachelewa kubana kisha zinabana kwa ghafla. Ikipata joto inatanuka, kina kinapanda, gari linakuwa zuri. Mtu anasema "imepona". Haijapona.

Ba'mdogo Lukas: Na kama ni sili za ndani, zile za kuzuia oili isivuje, zimekakamaa? Gari la kazini kwetu lilikuwa hivyo hivyo, baridi linasumbua, moto linatulia.

Mjomba Masanja: Inawezekana, sikatai. Sili ngumu za mpira nazo hulainika zikipata joto. Lakini sili huwezi kuziona bila kufungua, oili unaiona bure. Tuanze na cha bure. Kulwa, ulibadili betri karibuni?

Kulwa: Mwezi wa tano.

Mjomba Masanja: Teke lilianza kabla au baada?

Kulwa: Kabla. Mama ndiye alianza kulalamika, wakati wa Pasaka.

Mjomba Masanja: Sawa, betri tunaiacha. Ukichomoa betri, baadhi ya kompyuta zinasahau zilivyojifunza kubadili gia, mtu anadhani giaboksi imeharibika. Yako si hiyo.

Sasa upimaji. Lako lina kijiti?

Kulwa: Lina kijiti chake, nyuma karibu na ukuta wa injini.

Mjomba Masanja: Nenda umbali wa kutosha lipate moto sawasawa. Simama pa tambarare, Isamilo usipimie, mlima ule utakudanganya. Injini ikiwa inanguruma, mguu kwenye breki, pitisha mkono wa gia kutoka P, ya kuegesha, mpaka mwisho taratibu, rudisha P. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, chomoa usome. Soma alama ya HOT (moto), siyo COOL (baridi). Nusa pia. Na uangalie rangi: ikiwa na povu la waridi kama maziwa, zima gari hapo hapo uniite, maji ya rejeta yameingia.

Doto: Atakayesoma hapa na gari lake halina kijiti, hilo linapimwa kwa nati ya pembeni na joto la oili linasomwa kwenye mashine. Kwa Toyota nyingi ni karibu nyuzi 40. Msifungue mkikisia.

*Ijumaa*

Kulwa: [picha] Mjomba, nimepima pale uwanjani Nyamagana. Imeishia chini ya alama ya HOT ya chini. Rangi kahawia iliyokolea, harufu ya kuungua hakuna.

Mjomba Masanja: Nilitaka hiyo ya mwisho. Harufu ya kuungua ingenitia wasiwasi. Oili haiyeyuki hewani, tafuta inapotokea. Ingia chini na tochi.

Kulwa: [picha] Mpira wa bomba la kwenda rejeta, kwenye klampu. Pamelowa, vumbi limeganda.

Ba'mdogo Lukas: Angalia na kros za propela, viungo vya ile shafti ndefu, ukiwa huko chini. Zikiwa na uchezo nazo zinagonga.

Kulwa: Nimezitikisa, ziko ngumu.

Mjomba Masanja: Vizuri. Sasa kazi ni hii: mpira mpya na klampu mpya, thamostati mpya ya namba ya injini yako, washushe sampo, bakuli la oili la chini ya giaboksi, wabadili filta na gasketi. Sumaku za ndani ya sampo zikiwa na tope la kijivu laini, ni uchakavu wa kawaida. Zikiwa na vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, hapo ndipo tutazungumza habari za kushusha.

Kulwa: Duka la Pamba Road wana galoni ya haidroliki nyekundu, bei nzuri. Wanasema inaingia gari lolote.

Mjomba Masanja: Hapana. Nyekundu zote hufanana kwa macho tu. Kila gari lina aina yake ya oili: anayetaka WS apewe WS, anayetaka Dexron apewe Dexron, anayetaka Mercon LV vivyo hivyo. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti. Na wasikufanyie kusafisha kwa mashine ya presha. Mwaga kwa nati, jaza kiasi kile kile kilichotoka, tembea, kisha umwage tena baadaye, maana mara moja hutoka chini ya nusu, nyingine inabaki kwenye konvata.

Mama: Hiyo yote ni shilingi ngapi?

Kulwa: Nimepiga hesabu na fundi wa Nyakato, laki tatu na ushee pamoja na ufundi.

Mama: Fanya.

*Jumatatu*

Kulwa: Shikamooni. Sumaku zilikuwa na tope laini tu. Leo mshale umefika katikati kabla sijaimaliza Mabatini, na haujashuka tena. D inaingia mara moja. Ya kwanza kwenda ya pili bado kuna mtikisiko mdogo, ule wa ndoo haupo.

Mjomba Masanja: Mungu ni mwema. Huo mdogo unaweza kuisha ukimwaga mara ya pili. Mkiwasha alfajiri, subirini mzunguko wa injini ushuke ndipo uweke D. Wiki hii pima kina tena, uone kama mpira umeshika.

Kulwa: Fundi anataka kuhakikisha, nati za sampo hukazwa kiasi gani?

Mjomba Masanja: Kwa spana ya kupimia nguvu, kipimo kimo kwenye kitabu. Asitumie bomba kurefusha mpini. Bati la sampo likipinda, gasketi haitashika hata iwe mpya.