Shule ya bweni Kakamega: itamfaa binti yetu?

Mama, Nakuru: Binti yetu ana pumu, na ameitwa Gredi ya 10 katika shule ya bweni huko Kakamega, ambako mvua ya alasiri ni nyingi. Amechagua mkondo wa sayansi. Nitajuaje kama inamfaa?

Mwalimu mstaafu, Kisumu: Mama, uliza kwanza kama maabara ina vifaa na walimu wanatosha, kwa maana jina kubwa la shule halifundishi fizikia. Kisha ingia bwenini ukague madirisha na nafasi kati ya vitanda.

Mzazi, Vihiga: Dada, mwanangu, mwenye pumu pia, nilimkuta analala chini ya kioo kilichovunjika. Muulize matroni mwenyewe ni nani hushika dawa usiku. Akisitasita, mtafutie shule ya kutwa.