MREJESHO: Kutu ya majani kwenye kahawa yangu, Moshi

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kwa nini kahawa iliyo chini ya migomba inapukutisha majani yenye unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, wakati ile ya pembezoni inaugua kidogo tu.

Asanteni sana. Mkuu aliyenieleza habari ya maji ndiye aliyenifungua macho: mbegu ya kuvu anayeleta kutu hii hukaa kavu juu ya jani hata wiki kadhaa ikiwa hai, lakini haioti bila maji. Ikishalowa inahitaji saa kadhaa za unyevu mfululizo ili iingie ndani. Jani likikauka kabla ya hapo, ile iliyoanza kuota inakufa.

Basi nilipogolea matawi, nikapunguza migomba upepo upite, nikapiga dawa ya kopa (madini ya shaba) chini ya majani kabla ya masika kuchanganya. Sasa saa tatu asubuhi majani yamekauka. Zamani saa tano bado yana umande! Majani mapya mengi ni safi, na nimefurahi mno.

Ila mistari miwili karibu na mfereji imenishinda. Kule umande hauondoki mapema, na majani yaliyokwisha kuambukizwa yalipukutika vilevile, maana kopa hukinga tu, haitibu. Hapo nitang'oa, nipande miche chotara ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) inayostahimili kutu.

Kuokota majani yaliyoanguka nilifanya wiki mbili nikaacha, hivyo hilo siwezi kulisemea.