Escudo ya 2006 isiyo na kitabu: naomba kueleweshwa swichi na vifaa vyake

Mkulima wa Mgeta

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwezi uliopita nilinunua kwa mtu Suzuki Escudo ya mwaka 2006, milango mitano, gia otomatiki, ambayo ilifika nchini ikiwa imeshatumika Japani. Mwenyewe hakuwa na kitabu cha mwongozo, na kila nilichomuuliza alinijibu kwamba yeye alikuwa akiwasha na kuondoka tu. Ninaishi Morogoro mjini na shamba langu liko Mgeta, kwa hiyo safari zangu huanzia kwenye lami na kuishia kwenye mlima wenye utelezi.

Katikati ya dashibodi, sehemu ya chini, kuna swichi ya kuzungusha yenye maandishi N, 4H, 4H LOCK na 4L LOCK, wala sioni 2H, ile ya kuendesha magurudumu mawili tu, niliyoizoea kwenye pikapu ya kazini. Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba zinazoanzia 0. Kila asubuhi nikiwasha gari, sauti ya mwanamke hutamka sentensi moja ya Kijapani, kisha hunyamaza. Zaidi ya hayo, nimerudi dukani mara mbili kwa sababu pedi za breki nilizouziwa hazikuingia, na nilipoandika namba ya chasisi kwenye tovuti za kutambua magari, zote zilisema kuwa namba hiyo ni fupi mno.

Dereva wa Zamani

Hongera kwa gari. Kwa uzoefu wangu, 4H ni ya matope peke yake, na ukiiacha kwenye lami utamaliza mapema difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti. Nadhani hiyo N ni nomali, yaani ndiyo 2H yao. Mjini weka hapo.

Fundi Transfa

Mzee wangu, shikamoo, lakini kwa hili naomba nikupinge kabla mwuliza swali hajaligusa gari lake. N ya swichi hiyo si nomali. Ni nyutro ya transfa, yaani boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya gari kuvutwa. Transfa ikiwa kwenye N, gia boksi haina tena mawasiliano na magurudumu, na hivyo hata ukiweka mkono wa gia kwenye P, ile ya kuegesha, gari litaserereka likiwa kwenye mteremko, labda breki ya mkono ilizuie. Nimewahi kuletewa gari lililotoka uani kwa mwenyewe na kuugonga ukuta wa jirani kwa kosa hilohilo. Yule bwana aliapa mbele yangu kwamba alikuwa ameweka P, na alikuwa akisema kweli.

2H haipo kwa sababu Escudo ya kizazi hiki, kilichoanza mwaka 2005, huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Kati ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati inayoziruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa kuwa magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ndiyo maana 4H ndiyo hali ya kila siku, mjini na safarini. Maonyo ya Mzee ni sahihi kwa magari ya aina ya pikapu yako, ambayo hayana difu hiyo, na hapa yanaihusu 4H LOCK: ukiifunga difu ya katikati kwenye lami kavu utasikia gari likigoma kwenye kona kali, na mzigo huo wote utaishia kwenye transfa na shafti. Ifunge ukifika kwenye utelezi, usukani ukiwa umenyooka.

4L LOCK ni ya mlima mkali au kukwama, na mwendo uwe wa polepole. Simamisha gari kabisa, kanyaga breki, weka mkono wa gia kwenye N, kisha bonyeza swichi huku ukiizungusha. Usiondoke mpaka taa yake kwenye dashibodi iache kumetameta. Na matairi yote manne yawe ya saizi moja na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, vinginevyo difu ya katikati itafanya kazi bila kupumzika.

Muuza Spea, Kariakoo

Namba yako si mbovu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatumii namba ya tarakimu na herufi 17. Yana kodi (msimbo) ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Fungua boneti utafute kibati. Ukiona TD54W, injini yako ni J20A ya lita 2.0 inayotumia cheni; TD94W ni V6 ya lita 2.7. Mpe muuzaji namba nzima, si kodi peke yake, maana katalogi hutenganisha spea kwa mfululizo huo, na uende na pedi ya zamani mkononi. Mwambie pia kwamba nje ya Japani gari hilo huitwa Grand Vitara, kwani maboksi mengi yameandikwa jina hilo.

Kigurudumu chenye namba hushusha mwanga wa taa za mbele unapobeba mzigo nyuma. Ukiwa peke yako kiache kwenye 0. Huyo mwanamke ni kifaa cha kulipia barabara za Japani kwa kadi, na analalamika kuwa kadi haimo. Kuchomoa waya wake hakudhuru chochote.

Mkulima wa Mgeta

Nawashukuru sana, na Mzee pia, maana bila jibu lake pengine N isingeelezwa kwa kirefu namna hii. Kibati kinasema TD54W, na leo pedi zimeingia. Jumamosi nilipanda Mgeta baada ya mvua kwa 4H LOCK, nikairudisha 4H nilipofika lami. Waya wa yule mama sijauchomoa, kwa sababu watoto wamezoea kumwamkia kila asubuhi.