MREJESHO: Picha za ngoma na igizo la mwili jukwaani, Mtwara

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini picha zangu za jukwaani mikono ya wachezaji inatoka kama moshi. Mlinijibu kwa moyo, asanteni sana. Jumamosi nilirudi ukumbini, hapa hapa Mtwara mjini.

Flashi nimezima kabisa. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, lenzi nimeifungua hadi f/2.8, shata (muda wa kunasa picha) 1/500 ya sekunde. Chengachenga kwenye picha zipo, lakini kiuno cha mcheza sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, kimetulia! Mwanga niliupima usoni tu, maana pazia jeusi lilikuwa linaidanganya kamera na nyuso zinaungua kwa weupe. Taa za LED bado zinaniachia mistari. Kwenye mikao iliyotulia nashusha shata hadi 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni 50 Hz na taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mistari inapungua.

Lililonifunza zaidi ni lipiko, kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani. Mchezaji anaonea mdomoni mwa kinyago, kwa hiyo uso wa kinyago unatazama juu. Nilikuwa nachuchumaa mbele, napata kidevu tu. Safari hii nilipanda benchi pembeni, uso wote ukaingia.

Kisha likaja igizo la mwili, lisilo na maneno: mvuvi anavuta wavu usioonekana. Dada mmoja hapa jukwaani kwetu mtandaoni alinishauri nihudhurie mazoezi kwanza, nikaenda jioni mbili. Ndipo nikagundua kwamba kabla ya kuanguka mwigizaji huwa anavuta pumzi, mabega yanapanda. Nikabonyeza hapo hapo, sikusubiri aanguke. Nilipomwonyesha mwigizaji picha, alinyamaza muda mrefu, halafu akaomba nimtumie ampelekee mama yake.