Kumtafuta babu Mwingereza aliyetumikia serikali ya Tanganyika

Swali: Ndugu zangu, babu yangu mzaa mama alikuwa Mwingereza, ofisa wa wilaya huko Tanganyika katika miaka ya 1930. Tumebaki na jina lake na picha moja tu. Nianzie wapi?

Jibu la 1: Anza na orodha ya watumishi wa Wizara ya Makoloni, inayoonyesha vyeo vya kila ofisa na miaka yake. Kisha soma Gazeti la Serikali la Tanganyika, lililotangaza uteuzi na likizo; usizidharau likizo, kwani ndizo zitakazokuonyesha alisafiri lini kwenda kwao.

Jibu la 2: Ukishazijua likizo, tafuta orodha za abiria wa meli katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London: kumbukumbu zenye namba BT 27 kwa waliotoka Uingereza (1890–1960) na BT 26 kwa walioingia humo (1878–1960). Mke na watoto waliosafiri naye huandikwa humo pamoja na umri wao. Bibi yako, kama hakuwahi kusafiri naye, hutamkuta. Habari zake zitafute kwa wazee na katika daftari za ubatizo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Bibi alibatizwa misheni, hivyo nitaanzia huko.