Alumini au bomba za Gerezani kwa kiunzi cha ndege?

KekoJuu: Wakuu, natengeneza ndege ya kiti kimoja. Mchoro unataka bomba za chuma cha 4130 (chuma kigumu chenye kromi na molibdeni), hapa Dar sijaipata. Gerezani kuna chuma cha kawaida tele, na nimepata alumini ya 6061-T6 ya vipimo vilevile. Nikaining'inizia mifuko ya saruji: ikanepa sana, ila haikuvunjika, na nilipoitoa ikarudi. Si inatosha?

DadaMahesabu: Haitoshi, kaka. Umepima nguvu, yaani kutovunjika; hujapima ukakamavu, yaani kutonepa. Alumini hiyo hubaki imepinda kuanzia mkazo wa MPa (megapaskali) 276 hivi, kwa nguvu haichekwi. Lakini ukakamavu wake ni GPa (gigapaskali) 69, chuma ni kama 200. Bomba za vipimo sawa, mzigo sawa, alumini inanepa karibu mara tatu. Cha Gerezani ni kinyume chake: kinanepa sawasawa na 4130, maana chuma chote ukakamavu wake unakaribiana, ila kitabaki kimepinda mapema.

MzeeWaKuchomelea: Si aongeze tu unene wa ukuta wa bomba ya alumini?

DadaMahesabu: Shikamoo mzee. Kipenyo kinalipa zaidi. Kipenyo mara mbili, unene nusu: uzito uleule, ukakamavu mara nne, nguvu mara mbili. Asizidishe tu, ukuta mwembamba hubonyea kama kopo la soda.

BotiMsasani: Sisi wa faiba tunalijua hilo. Faiba ya kioo ina nguvu kwelikweli lakini inanepa kama fito ya kuvulia, ndiyo maana Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, aliiviringisha juu ya povu gumu kwenye ndege yake VariEze, 1975. Na ipakwe nyeupe, jua hulegeza resini, ile gundi inayoshika nyuzi.

Kipanga_TZ: Mbona mabawa ya glaida, ndege zisizo na injini, yananepa na yanaruka?

DadaMahesabu: Kunepa kwenda juu hakuna neno. Ubaya ni bawa kujisokota: pembe inaongezeka, upepo unalisokota zaidi. Fokker D.VIII, ndege ya kivita ya Ujerumani ya 1918, husimuliwa hivyo. Bawa lilipita majaribio ya mizigo chini, likakatika angani. Wakaimarisha boriti ya nyuma ndani ya bawa, mbele ikabaki ikinepa kuliko nyuma, likazidi kujisokota!

MzeeWaKuchomelea: Marahaba binti. Hapo umenishinda.

KekoJuu: Kumbe. Basi saruji narudi nayo Jumamosi, safari hii naining'iniza nyuma ya ncha ya bawa nipime pembe. Nani ana pimamaji ya kuazima?