Niagize taroti ipi: Rider-Waite, Marseille au Thoth? Na nianze na kadi tatu au Msalaba wa Kikelti?

NyotaYaJioni: Wakuu, habari. Kesho naagiza kadi za taroti, zile za kupigia ramli, na hadi sasa sijaamua kati ya hizo aina tatu. Zikifika, nianze na mpangilio wa kadi tatu au niingie ule wa kadi kumi, Msalaba wa Kikelti, moja kwa moja? Naombeni ushauri.

MchangaKarata: Mleta mada, mambo ya msingi hujayasema. Unajisomea mwenyewe au utasomea watu? Kadi ikitoka juu chini, utaisoma hivyo hivyo au utainyoosha? Usiposema, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

BiUpole: Vyovyote iwavyo, Rider-Waite. Pamela Colman Smith alizichora mwaka 1909, na kadi zote 78 zina picha inayojieleza. Tazama Tatu ya Panga: moyo umechomwa panga tatu, nyuma yake mvua inanyesha. Maumivu hayo unayaona bila kufungua kitabu. Kwenye Marseille kadi hiyo hiyo ni panga na mapambo ya majani, basi.

MtotoWaVikombe: Siafiki kabisa. Marseille inakulazimisha ufikiri kwa namba na kundi la kadi (panga, vikombe, fimbo au sarafu), na hapo ndipo usomaji ulipo. Picha ya Smith ukishaizoea, huoni maana nyingine. Halafu kwenye Marseille kadi ya Haki ni 8 na ya Nguvu ni 11, Waite, mbunifu wa Rider-Waite, akazibadilisha nafasi.

NguzoMbili: Kabla ya aina, mchunguze muuzaji. Mimi niliuziwa za kughushi mtandaoni. Kadi nyepesi, zimenatana, Tisa ya Vikombe haipo na badala yake Sita ya Fimbo imo mara mbili. Kibaya zaidi, kingo zilikatwa upande: kadi ya Mnara ilikuwa na mstari mweupe mgongoni, nikawa naijua kabla sijaigeuza. Nikichanga, mkono unaikwepa wenyewe. Nikalalamika, muuzaji akaniambia ndivyo zinavyotengenezwa, pesa hakurudisha. Dai picha ya mgongo wa kadi na ya kadi zote zikiwa zimetandazwa.

MchangaKarata: Pole sana. Kwa mpangilio, kadi tatu. Si lazima ziwe jana, leo na kesho. Jaribu hali, kikwazo, hatua. Msalaba una kadi kumi, ya pili inalazwa juu ya ya kwanza, na kila moja inasomwa pamoja na jirani zake. Anayeanza huishia kusoma kadi kumi mbalimbali zisizoungana.

BiUpole: Mimi Msalaba ndio ulionifungua macho. Nafasi yenyewe inakupa nusu ya jibu. Kadi tatu zinaelea tu.

MtotoWaVikombe: Tukumbuke pia kwamba karata hizi zilianza Italia karne ya 15 kama mchezo. Ramli ilikuja baadaye, karne ya 18 Ufaransa. Kwa hiyo mpangilio wowote ni wa watu, chagua unaokufaa.

NguzoMbili: Mchezo au si mchezo, wanaouliza wanakuja na mambo mazito. Kadi ya Kifo ikitoka, usimtishe mtu.

NyotaYaJioni: Asanteni. Najisomea mwenyewe, mambo ya kazi. Ila rangi za mchoraji Frieda Harris kwenye Thoth zinanivuta mno, na hakuna aliyeigusa.

BiUpole: Thoth ina alama za nyota na Kiebrania kila kona. Ngoja kwanza.

MtotoWaVikombe: Asingoje, kadi isiyokuvutia huishiki. Na zile za juu chini, mkuu, umeamuaje?